Unataka kazi kwenye umeme, sola au gesi? Anzia hapa hata kama wewe sio injinia

Watu wengi wakisikia "sekta ya nishati" wanapata picha mbili tu kichwani, injinia mwenye helmeti nyeupe na fundi anayening'inia juu ya nguzo, na wote wawili wanaume. Mimi ni mwanamke, nilimaliza fomu foo nikaenda VETA kusoma umeme, nimevuta waya vijijini miaka sita na sasa hivi nasimamia timu ya watu kumi na moja, tunafunga sola kwenye zahanati, shule na vitongoji ambavyo gridi haijafika. Humu ndani nimefanya kazi na wapishi, wasurvea, kaka mmoja kiziwi ambaye kwa kupanga waya kwenye bodi sijaona wa kumfikia, dada aliyesoma sosholojia ambaye bila yeye mradi wetu mmoja ungelala, na wazee ambao hawana cheti hata kimoja. Naandika hii kwa ajili yako wewe unayeitaka hii sekta ila unadhani sio ya kwako.

Kwanza jua mlango gani unautaka

Usiseme tu "natafuta kazi ya umeme". Chukua mfano wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani Tanga, kilomita 1,443 na kati ya hizo kama 1,147 ziko kwetu, linapita mikoa minane. Kabla hata bomba moja halijafukiwa wameshapita wasurvea, watu wa ardhi na fidia, watu wa mazingira, maafisa jamii wa kukaa na wanakijiji chini ya mwembe na kusikiliza malalamiko ya makaburi na mashamba. Halafu wanakuja madereva, waendesha mitambo, wachomeleaji, watu wa kupiga eksirei viungo kuona kama vimechomelewa sawa, watunza stoo, manesi wa kambi, wapishi, wahasibu, watu wa sefti. Na kwa sababu yale mafuta yana nta nyingi yakipoa yanaganda, bomba lazima livishwe koti la kutunza joto, kazi hiyo ikajengewa kiwanda chake pale Sojo, Nzega. Sasa hesabu hapo injinia wako wangapi na wengine wote ni kina nani.

Kitu ambacho sikuambiwa na mtu na kimenigharimu: kazi za ujenzi zinachukua watu wengi kwa muda mfupi, kazi za uendeshaji zinachukua watu wachache kwa miaka mingi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, wakati linajengwa lilikuwa kama mji mzima, ila mitambo ikishawaka wanaobaki ni maopereta, watu wa matengenezo, ulinzi na wachache wa ofisini. Kwa hiyo ukiingia kwenye ujenzi ingia na mpango wa unatoka na nini, cheti, leseni, barua ya uzoefu, maana mradi utaisha na wewe utarudi nyumbani na ovaroli tu.

Ukiniuliza mimi ukae wapi kama unaanza leo, ntakwambia usambazaji, sola na upishi. Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimeshafikiwa na umeme, kazi imehamia vitongojini na ndani ya nyumba za watu, na kuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ikifika 2034. Sasa yale majiko atauza nani, atatengeneza nani, na nani atamshawishi mama anayepikia mkaa miaka ishirini? Nimemuona mama mmoja sokoni, hana cheti cha umeme, anapiga picha LUKU kwa simu, anaweka maharage kwenye jiko la presha la umeme mbele ya watu, yakiiva anapiga picha tena, uniti moja haijaisha, basi hapo watu wanatoa hela wenyewe. Hiyo nayo ni kazi ya nishati, na yule mama ana kipaji ambacho injinia wetu hana.

Makaratasi, hapa ndo watu wengi wanakwama

Kila mlango una karatasi yake na usipoijua utazunguka miaka. Kama unataka ufundi umeme njia ya kawaida ni VETA, unapanda ngazi ya kwanza mpaka ya tatu, na ukitaka diploma unaenda vyuo vya ufundi kama DIT au Arusha Technical, hao Arusha wana kituo chao cha nishati jadidifu, yaani ya jua, maji, upepo na kadhalika, pale Kikuletwa, Hai. Ila cheti peke yake hakikuruhusu kufunga umeme kwenye nyumba ya mtu kwa malipo, unatakiwa uwe na leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, yapo madaraja, A, B, C, D na W, na kila daraja limefungwa na elimu yako, uzoefu wako na ukubwa wa kazi utakayoruhusiwa. Mafundi wengi wanaipuuza leseni mpaka siku mteja anaenda kuomba umeme TANESCO anaambiwa fomu ya wayaringi igongwe muhuri na mkandarasi mwenye leseni, hapo fundi aliyefanya kazi yote anapewa laki mbili na mwenye muhuri anakula zaidi yake kwa kusaini tu. Nimeliwa hivyo mwaka mzima. Leseni ombeni mapema wadogo zangu, maombi yanafanyika mtandaoni, tunza barua za kila mahali ulipofanya kazi maana uzoefu unathibitishwa kwa maandishi sio kwa maneno.

We fundi wa mtaani uliyejifunza kwa kumshikia mtu tochi, usidhani umechelewa. Kuna kitu VETA wanakiita urasimishaji wa ujuzi, wanakupima unachokijua, wanakufundisha kidogo pale ulipopungukiwa, unapata cheti bila kuanza darasani upya. Kaka mmoja kwenye timu yangu alikuwa anafunga umeme tangu akiwa na miaka 16, darasa la saba, kapata cheti chake akiwa na 38, siku hiyo alikipigia picha akaniletea kabla hata hajampelekea mkewe.

Wachomeleaji, kama mnataka mabomba ya mafuta na gesi mjue geti la grili sio kipimo, kule mnapimwa kuchomelea bomba lililoinamishwa ambalo huwezi kuligeuza, wenyewe wanaita siksi ji (6G), nendeni mkajifunze hiyo kabla tangazo halijatoka. Madereva wa magari makubwa, kozi za NIT, chuo cha taifa cha usafirishaji, zinahesabika. Mwenye digrii ya uhandisi anatakiwa ajisajili ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kuna mafunzo ya miaka mitatu chini ya wahandisi wazoefu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili, usikae nyumbani unasubiri ajira ndo uanze kuyatafuta. Waliosoma sosholojia, jiografia, sheria, uhasibu, manunuzi, afya ya mazingira, nyie karatasi yenu mnayo tayari, mnachokosa ni lugha ya sekta, jifunzeni tofauti ya kilowati na uniti, someni taarifa moja ya tathmini ya mazingira ya mradi wa umeme mwanzo mpaka mwisho, ukiingia kwenye usaili unajua wayleave ni ile njia ya laini na watu wa chini yake wanalipwaje, umeshawapita wenzako hamsini.

Kwa Kenya njia ni hiyohiyo ila majina mengine, mtihani wa ufundi ni NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, leseni ni EPRA, wadhibiti wao wa nishati, na upande wa sola kuna madaraja ya leseni T1, T2 na T3, unaanza na mifumo midogo unapanda. Kule pia wana vitu ambavyo sisi bado tunavitafuta, mvuke wa ardhini wa Olkaria ambao unazalisha tangu 1981 na zile feni za upepo 365 za Turkana, megawati 310, kwa hiyo mtu wa jiolojia au wa kuchimba visima mwenye ndoto ya jotoardhi akafanye fildi huko kama anaweza.

Na kwa kina mama ambao shule iliwapita kabisa, Kaskazini Unguja kuna Barefoot College, wanachukua wanawake wa vijijini, wengi hawajui kusoma, wanawafundisha miezi kadhaa kuunganisha na kutengeneza sola, wanatumia rangi za vifaa na mikono badala ya vitabu, akitoka pale anarudi kijijini kwake ndo fundi. Wanaitwa mama sola. Kila nikisikia bosi anasema "hatukupata wanawake wenye sifa" nawakumbuka hao.

Kuingia

Kazi za serikali, TANESCO wakiwemo, zinatangazwa Ajira Portal, fungua akaunti leo na weka vyeti vyote kabla tangazo halijatoka, maana siku ya mwisho mtandao unagoma na wewe bado unaskani cheti cha kuzaliwa. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, wana nafasi za mafunzo kazini kwa wahitimu. Mtu akikwambia toa hela nikuingize, kimbia. Kampuni binafsi na wakandarasi wadogo wengi hawatangazi popote, hapo ni kwenda mwenyewe saiti asubuhi na mapema kabla hawajatawanyika, unamtafuta supavaiza, unajitambulisha, unaacha namba. Deiwaka usiidharau, nimeanza hivyo, ila kila siku andika kwenye daftari umefanya nini.

Hilo daftari ndo CV yako. Usiandike "nina uwezo wa kufanya kazi chini ya presha", kila mtu kaandika hivyo. Andika "nimefanya wayaringi nyumba 14 za vyumba vitatu, nimesimamisha nguzo 60 nikiwa na timu ya watu nane, nimefunga sola ya kilowati 3 kwenye zahanati", tia na picha mbili tatu za kazi, namba ya mtu anayeweza kushuhudia. Mtu wa kuajiri anakuelewa kwa sekunde.

Dada zangu, kwenye usaili mnaweza kuulizwa mnaolewa lini, mtazaa lini, mtaweza kulala saiti. Swali la kuolewa halina uhusiano na kazi, sheria ya ajira ya 2004 imekataza ubaguzi wa jinsia, ndoa na ujauzito kuanzia kwenye kuajiri. Lakini najua ukiwa umekaa pale unaitaka kazi huwezi kuanza kusoma vifungu, kwa hiyo mimi nawafundisha jibu hili, kwa sauti ya kawaida: "Ratiba ya kazi nimeielewa na nimeshakaa saiti wiki sita mfululizo, ningependa kujua malazi yenu yako vipi." Umejibu wasiwasi wao, umewarudishia mpira, na jibu watakalotoa kuhusu malazi litakwambia mengi kuhusu kampuni.

Ukishaingia

Sasa hapa nataka nikae kidogo maana watu wanadhani kujumuishana kazini ni semina na chai. Kwangu mimi ni vitu vya kushika kwa mkono. Mwaka wangu wa kwanza na mkandarasi mmoja nilipewa hanesi ya kupandia ya mwanaume mkubwa, mikanda ya mapajani imevutwa mpaka mwisho na bado inacheza, buti namba tisa wakati mimi navaa sita, nimejaza soksi na gazeti. Nikapanda hivyohivyo kwa sababu sikutaka waseme mnaona wanawake. Nikiwa juu mguu ukateleza ndani ya buti, hanesi ikapanda mpaka kifuani ikanibana nikashindwa kupumua vizuri, nimening'inia pale mpaka mwenzangu akapanda kunishika. Sikuumia. Usiku ule nililia nikiwa nimelala na nguo za kazi. Kesho yake nilikataa kupanda mpaka hanesi ya saizi yangu ije, ilichukua siku nne, siku nne nimefanya kazi za chini na wameninunia, ila ilikuja, na wale wasichana wawili walioajiriwa baada yangu waliikuta. Kwa hiyo nakwambia wewe wa leo: kifaa cha sefti kisichokutosha ni sawa na hakipo, kipime chini kabla ya kupanda, ning'inia nusu mita kutoka ardhini uone kinakaaje, kisipokaa sema mbele ya timu kwenye kikao cha asubuhi sio pembeni, ili iwe jambo la sefti la wote isiwe malalamiko ya dada mmoja.

Choo. Uliza choo. Kwenye laini za porini wanaume wanaingia kichakani wanamaliza, mwanamke anaacha kunywa maji kutwa nzima juani kwa kuogopa, anapata kichwa, kizunguzungu, na mtu mwenye kizunguzungu hatakiwi kuwa karibu na transfoma. Hema dogo la choo la kukunja linaingia nyuma ya gari, sisi tunalo, halijawahi kuchelewesha kazi hata dakika. Hijabu hazikatazi kazi pia, vaa ya pamba tupu iliyobana, iingie ndani ya kola, usiweke pini, na usivae kitambaa cha nailoni karibu na umeme kwa sababu cheche ikipiga kinayeyuka kwenye ngozi.

Lugha nayo. Makampuni mengi ya ujenzi ni ya wageni na maelekezo yanakuja kwa Kiingereza kibovu au kwa ishara. Nimeshaona fomu ya kibali cha kuingia kwenye laini imesainiwa na watu tisa na kati yao wawili tu ndo walielewa imeandikwa laini ipi imezimwa. Ukiwa supavaiza tafsiri hiyo fomu kwa Kiswahili uisome kwa sauti, halafu mwambie mmoja akurudishie kwa maneno yake, usimuulize "umeelewa?" maana kila mtu atajibu ndio.

Yule kaka yetu kiziwi, tulichofanya ni hiki: kila siku kabla ya kuanza anakuja mwenyewe kuweka kufuli lake kwenye breka iliyozimwa na ufunguo anakaa nao mfukoni, hategemei mtu kumpigia kelele kwamba umeme umerudi. King'ora cha hatari tumekiongezea taa inayowaka na kuzima. Tumejifunza ishara kama ishirini hivi, simama, umezimwa, unawaka, shuka, niletee. Na unajua nini, zile ishara zimetusaidia wote, jenereta ikinguruma hakuna anayesikia mtu pale. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, kwa hiyo mkiambiwa "hii kazi sio ya walemavu" waulizeni kazi gani hasa, kuna chumba cha udhibiti, kuna stoo, kuna kituo cha simu cha wateja wa sola, kuna kuchora ramani za laini, kuna kupanga waya kwenye bodi.

Ujauzito: mwambie mwajiri mapema kwa maandishi, sheria inataka taarifa ya angalau miezi mitatu kabla ya siku ya makadirio. Likizo ni siku 84 kwa malipo, 100 kama umejifungua zaidi ya mmoja. Kazi ya hatari kwako au kwa mtoto hutakiwi kupangiwa, miezi miwili kabla ya kujifungua hutakiwi kulazimishwa zamu ya usiku, na ukirudi unaruhusiwa kutoka kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Baba ana siku 3. Mafundi wa kiume wengi hawajui hata kama wanazo, wanaomba ruhusa ya msiba wa uongo ili wakamuone mtoto.

Na lile jambo ambalo tunanong'onezana tu, bosi anayetaka ulale naye ndo akuongeze mkataba. Hiyo ni rushwa ya ngono, iko kwenye sheria ya TAKUKURU ya 2007, namba yao ni 113 bure. Usifute meseji zake, andika tarehe, saa, mahali, nani alikuwa karibu, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo. Ukifukuzwa kazi kwa kukataa, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, usikae unasubiri hasira ipoe.

IRENA, shirika la kimataifa la nishati jadidifu, waliwahi kuhesabu kwamba wanawake ni asilimia 32 kwenye nishati jadidifu duniani na 22 kwenye mafuta na gesi, na wengi wao wako ofisini zaidi kuliko kwenye vifaa. Kwenye timu yangu wako wanne kati ya kumi na moja, na wawili kati yao wanapanda.

Siku yako ya kwanza saiti

Fika nusu saa kabla. Beba tesa yako mwenyewe, kile kifaa cha kupima kama umeme upo, na uijaribu kwenye umeme unaojua upo kabla hujaiamini, maji lita tatu, soksi mbili nene, daftari, kalamu mbili, kopi ya kitambulisho na vyeti. Omba mkataba wa maandishi, uliza namba ya NSSF, uliza kama wamesajiliwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, maana ukiumia ndo hao. Ukipewa helmeti zungusha kile kifungio cha nyuma mpaka ukiinama isidondoke. Halafu mtafute mtu mzima kuliko wote pale, wa cheo chochote, mara nyingi ni yule mzee wa stoo, msalimie shikamoo, mwambie ndo siku yako ya kwanza, muulize wapi hapa pamewahi kumuumiza mtu. Atakuonyesha kwa kidole.